Dawa za kuzuia uvimbe na opioidi: zinatofautianaje?

Kwenye maduka ya dawa ya Mombasa, kuanzia Kongowea hadi Likoni, mwenye maumivu hufika na swali moja: "Ipi kali zaidi?" Swali hilo huzipanga dawa zote kwenye mstari mmoja, brufen huku na mofini kule. Ukweli ni kwamba hayo ni makundi mawili, dawa za kuzuia uvimbe kama brufen na opioidi kama mofini, nayo hufanya kazi sehemu tofauti za mwili, ndiyo maana yapo maumivu ambayo ile inayoitwa ndogo huyamudu vizuri.

Dawa za kuzuia uvimbe, kama ibuprofeni (ndiyo brufen), diklofenaki na aspirini, hufanya kazi pale palipoumia. Kifundo cha mguu kikiteguka, seli hutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini. Hizo ndizo zinazoleta uvimbe na joto, na kuzifanya neva zishtuke kwa kitu kidogo. Dawa huzuia kutengenezwa kwake. Mwanasayansi Mwingereza John Vane alilionyesha hilo mwaka 1971, na Tuzo yake ya Nobel ikaja 1982. Aspirini ilikuwa imeshamezwa kwa zaidi ya miaka 70. (Panadol haimo kundini. Hupunguza maumivu na homa, lakini uvimbe haiuwezi.)

Tatizo ni kwamba prostaglandini hizo hizo hulinda ukuta wa tumbo na kusaidia damu kufika kwenye figo. Kwa hiyo anayemeza diklofenaki kila siku kwa miezi anajitafutia vidonda vya tumbo, na mwenye presha au figo dhaifu yuko hatarini zaidi. Mjamzito aliyefika wiki ya 20 aziepuke, isipokuwa daktari aseme. Kwetu Pwani kuna jambo jingine: homa ya dengi. Ukiishuku, ibuprofeni na aspirini ziache kabisa kwa sababu zinaweza kuzidisha kuvuja damu.

Opioidi ni mofini, kodini, tramadoli, pethidini na nduguze, zitokanazo na afyuni au zilizotengenezwa kufanya kazi kama yake. Hizi hazishughuliki na uvimbe. Hushika vipokezi (sehemu za seli zinazopokea ujumbe wa kemikali) vya ubongo na uti wa mgongo, zikazima ujumbe wa maumivu. Wapo wagonjwa wanaosema maumivu bado wanayasikia, ila hayawasumbui tena. Huleta usingizi na kichefuchefu, na dozi ikizidi pumzi hupungua hadi mtu afe. Mwili pia huzizoea. Heroini ni ya ukoo huu huu, na arosto, yaani mateso ya kukosa dawa ambayo mwili umeizoea, inayowatesa mateja wa mjini inaweza kumpata hata aliyeanza na tramadoli ya kununua bila cheti.

Kwa jino au mawe ya figo, dawa ya kuzuia uvimbe mara nyingi hufanya kazi sawa na opioidi au hata kuishinda, maana chanzo chenyewe kina prostaglandini nyingi. Baada ya upasuaji madaktari huchanganya makundi yote mawili ili opioidi itumike kidogo.

Saratani ni habari nyingine. Familia nyingi huikataa mofini zikiamini inamharakisha mgonjwa kufa, na kwa maoni yangu hofu hiyo inawatesa wagonjwa bure. Ikianzwa kidogo na kuongezwa kwa kufuata maumivu, ni salama kwa miezi mingi. Cha kudai ni dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza: usingizi na kichefuchefu kwa kawaida hupungua baada ya siku chache, lakini choo kigumu hubaki.