Kabla hujaongeza soli upande mmoja wa kiatu

Siku hizi kitengo chetu cha fiziotherapia kinapokea watu wenye maumivu ya mgongo ambao wameshaambiwa kuwa mguu wao mmoja ni mfupi, na wameshaweka kipande cha soli ndani ya kiatu. Baadhi yao maumivu hayakuisha, yamehamia gotini au kwenye nyonga ya pili. Nia yao ilikuwa njema, ila hatua ya kwanza ilirukwa.

Kutolingana kwa miguu si ugonjwa. Tafiti zilizotumia eksirei zinaonyesha kuwa takriban watu 9 kati ya 10 wana tofauti fulani, na wastani wake ni kama milimita 5. Mwili uliokua na tofauti hiyo umeizoea. Inapofika milimita 10 tunaanza kuiangalia kwa makini, na hata hapo wataalamu hatukubaliani ni kiasi gani inahusika na mgongo. Ikivuka milimita 20, wachache watabisha.

Lazima pia kujua ufupi unatoka wapi. Upo ufupi wa mfupa wenyewe: mtu alivunjika mguu utotoni, aliugua polio, au alibadilishiwa nyonga. Na upo ufupi wa kuonekana tu, mifupa ikiwa sawasawa. Msuli wa kiuno ukikaza kwa maumivu huinua nyonga ya upande wake, na mguu ukaonekana umepungua. Hapo mgongo ndio uliofupisha mguu, wala si mguu ulioumiza mgongo! Ukiinua kisigino cha mtu huyo unampa tofauti ambayo hakuwa nayo.

Unyayo nao unaingia hapa. Upinde wake ukishuka, kisigino huegemea ndani, muundi na paja huzunguka kuelekea ndani, na nyonga ya upande huo huweza kushuka kidogo. Nyayo zote mbili zikilala kwa kiasi kimoja, tofauti ya urefu haitokei. Ndiyo maana tunalinganisha mguu na mguu badala ya kutazama unyayo mmoja na kutoa hukumu.

Sasa kuhusu vipimo, kwa kuwa ndipo malalamiko mengi yanapoanzia. Kumlaza mtu, kumvuta miguu na kulinganisha visigino si kipimo. Tumelieleza hili mara nyingi. Sisi hupima kwa futi kamba, kuanzia ncha ya mbele ya mfupa wa nyonga hadi kwenye nundu ya ndani ya kifundo cha mguu, pande zote mbili, na tunarudia, kwa sababu futi kamba inaweza kukosea kwa milimita kadhaa. Kisha mgonjwa anasimama bila viatu, magoti yamenyooka, uzito umegawanyika sawa, nasi tunamwekea vibao vyembamba chini ya mguu unaodhaniwa mfupi mpaka nyonga zilingane. Vipimo viwili vikipingana, au tofauti ikiwa kubwa, daktari huagiza eksirei.

Ikithibitika kwamba mfupa ni mfupi na unahusika na maumivu, tunainua taratibu, milimita 3 hadi 5 kwa hatua, na mara nyingi hatufidii tofauti yote. Kinachozidi sentimita 1 huongezwa kwenye soli ya nje, maana kikiwekwa ndani kisigino hutoka kwenye kiatu.

Wazazi, mtoto mdogo mwenye nyayo bapa asiyelalamika maumivu hahitaji viatu maalumu. Upinde huendelea kujijenga katika miaka ya kwanza ya maisha. Na kwa watu wazima, soli za ndani zinazouzwa kama kinga ya maumivu ya mgongo zimefanyiwa utafiti, na kinga hiyo haikuonekana.

Mgongo unaoambatana na kushindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, ganzi sehemu za siri au mguu unaozidi kulegea ni dharura, na mtu anapaswa kufika hospitali siku hiyo hiyo. Maumivu yanayokuja na homa, kupungua uzito bila sababu, au yaliyoanza baada ya kuanguka nayo yasisubiri.

Kwa wengine wote, mkija kupimwa njooni na viatu mnavyovaa kila siku, vile vilivyochakaa. Soli iliyolika upande mmoja hutuonyesha namna mnavyotembea, na kiatu kipya hakina cha kutuonyesha.