Msanii Koboi Charles Russell: Yanayosemwa na Yaliyokuwa

Charles Marion Russell, mchoraji wa Montana aliyefariki mwaka 1926, anajulikana Marekani kama "msanii koboi". Jina hilo limezaa hadithi: kijana fukara, peke yake nyikani, mchana anachunga ng'ombe, usiku anachora, hana baba wala mama wala mke wa kumtaja. Hadithi hiyo inawafuta watu waliomlea na waliomjenga, na mmoja wao hasa hakustahili kufutwa.

"Alizaliwa kwenye umaskini." Si kweli. Alizaliwa St. Louis, Missouri, Machi 1864, katika familia yenye fedha. Kampuni ya ukoo wao ilitengeneza matofali ya kuhimili moto. Bibi mzaa baba, Lucy, alikuwa dada yao William na Charles Bent, wafanyabiashara waliojenga ngome mashuhuri ya Bent's Fort magharibi mwa nchi, na William alioa mwanamke wa kabila la Cheyenne. Kwa hiyo habari za nyati, wawindaji na misafara alizisikia nyumbani tangu utotoni. Shule ndiyo iliyomshinda. Wazazi walimpeleka hata shule ya kijeshi kule New Jersey, hakubadilika. Mwaka 1880, akikaribia kutimiza miaka 16, wakamruhusu aende Montana, wakitumaini shida zitamrudisha. Hazikumrudisha. Kazi ya kwanza ilikuwa kuchunga kondoo, na hakuiweza. Aliyempokea baada ya hapo ni mwindaji Jake Hoover, akamfundisha wanyama na milima.

"Alikuwa bingwa wa farasi na kamba." Mwenyewe alikana. Alikiri kwamba hakuwa mpanda farasi wa kutajwa wala mrusha kamba mzuri. Kuanzia 1882 hadi 1893 kazi yake kubwa ilikuwa zamu ya usiku: kulinda farasi na ng'ombe, wenzake wakiwa wamelala, akiwaimbia wanyama hao ili wasishtuke na kutimka. Hapa hadithi imegeuzwa juu chini. Usiku alichunga, mchana alikuwa na nafasi ya kutazama wenzake wakifanya kazi na kuwachora. Angekuwa hodari wa kamba, angeshinda mchana kutwa katikati ya vumbi, na pengine tusingekuwa na picha hizi.

Picha iliyomtoa ilizaliwa majira ya baridi ya 1886 kuamkia 1887, ng'ombe walipokufa kwa wingi kwa njaa na theluji. Mwenye mifugo aliyekuwa mji wa Helena, Montana, aliuliza hali ya kundi lake. Russell akachukua kipande kidogo cha karatasi ngumu, ukubwa wa postikadi hivi, akachora kwa rangi za maji ng'ombe mmoja: mbavu zinahesabika, kichwa kimeinama, mbwamwitu wanamsubiri aanguke. Msimamizi wa mifugo alipoiona akasema barua haina haja tena. Picha ikapita mkono kwa mkono Helena, na jina lake likaanza kutajwa.

"Aliishi kama mwana wa kabila la Blood kule Kanada." Hadithi hii imerudiwa mno. Kweli alivuka kwenda Alberta mwaka 1888, akakutana na watu hao na kuwapenda, lakini waliofuatilia nyayo zake wanasema makazi yake yalikuwa kibanda karibu na High River pamoja na wachungaji wenzake. Heshima yake kwa wenyeji asilia haihitaji kutiwa chumvi. Tazama mchoro mkubwa aliouchora mwaka 1912 kwa ukumbi wa Baraza la Wawakilishi la Montana, nyuma ya kiti cha Spika. Lewis na Clark, wapelelezi wanaosifiwa katika historia ya Marekani, amewaweka pembeni upande wa kulia. Katikati yote ni ya wapanda farasi wa kabila la Salish, wenye nchi. Tena alisimama na waliodai ardhi kwa ajili ya makabila ya Wachippewa na Wacree yaliyokuwa hayana makao, hadi Rocky Boy, ardhi iliyotengwa kwa ajili yao, ilipoanzishwa mwaka 1916.

"Mke wake alikuwa mpenda fedha aliyemharibia maisha." Hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote. Nancy Cooper alizaliwa Kentucky mwaka 1878. Mama yake alifariki Helena kwa kifua kikuu, baba wa kambo akaondoka, na binti akabaki kutafuta riziki kwa kazi za ndani katika nyumba ya watu mjini Cascade. Hapo ndipo walipokutana. Walioana Septemba 1896, yeye miaka 18, Russell, au Charlie kama alivyoitwa, 32. Mume aliyempata alikuwa anagawa picha bure au kuzibadilisha na vinywaji kwenye baa. Binti huyu aliyesoma kidogo akajifunza kutaja bei bila kutetemeka, akasimamia maonyesho New York mwaka 1911 na London mwaka 1914. Kufikia miaka ya 1920 alikuwa anadai dola 10,000 kwa mchoro mmoja. Wanywaji wenzake Charlie walilalamika kwamba amewanyang'anya rafiki. Lakini Charlie mwenyewe alisema wazi kwamba bila Nancy asingefika popote, na pombe aliiacha kabisa mwaka 1908.

Studio yake ya magogo huko Great Falls, iliyojengwa mwaka 1903 kwa nguzo za simu, ilikuwa wazo la Nancy. Charlie mwanzoni aliona haya, akihofia majirani watasema nini. Baadaye ndimo alimofanyia kazi zake kubwa.

"Hakuacha mtoto." Hawakuzaa, lakini mwaka 1916 waliasili mtoto mchanga, wakamwita Jack. Baba huyu wa makamo alimdekeza mno. Charlie alifariki kwa maradhi ya moyo Oktoba 1926, miezi michache baada ya kupasuliwa rovu, Jack akiwa bado mdogo. Nancy akaendelea kuzitafuta na kuzikusanya barua za mumewe zenye michoro, zikachapishwa kitabu mwaka 1929, naye akaishi Pasadena, California, hadi kifo chake mwaka 1940.