Picha ya Kuchora na Moyo wa Mtu: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Picha nzuri ni ile iliyofanana chapa na mwenyewe.

Ukweli: Hivi ndivyo wengi wanavyowapima wachoraji wa Mji Mkongwe wa Zanzibar, na si haki. Anayenakili picha ya simu atapata pua na kidevu vilivyo, lakini simu imenasa chini ya sekunde moja. Mchoraji aliyekaa na mtu siku kadhaa humwona akichoka, akisahau kuwa anatazamwa, mabega yakishuka. Kisha huchagua kipi kibaki. Uchaguzi huo ndio tunaousoma tukasema tumeuona moyo wa mtu.

Dhana: Macho ndiyo yanayosema yote.

Ukweli: Tazama na mikono, shingo, namna mtu alivyokaa. Na pengine mchoraji anaficha kwa makusudi: katika Mona Lisa, picha yake ya mwanamke, Leonardo da Vinci alififisha pembe za midomo na za macho kwa tabaka nyembamba za rangi, pasiwe na mstari dhahiri. Ndiyo maana watu hawakubaliani anatabasamu kwa furaha au kwa huzuni. Sehemu ya jibu anaileta mtazamaji.

Dhana: Picha za masultani pale Makumbusho ya Kasri, Forodhani, zinatuonyesha tabia zao.

Ukweli: Picha ya mtawala huchorwa kwa ajili ya cheo. Inatuambia alivyotaka kuonekana, basi. Ya ndani ya nyumba zile ninayapata zaidi kwa Salme binti Said, binti wa Sultani Said wa Zanzibar, aliyeandika maisha yake kwa mkono wake na kuyachapisha Ujerumani mwaka 1886.

Dhana: Picha za heshima ni za wakubwa, mnyonge hana la kusomwa usoni.

Ukweli: Hii ndiyo inayoniuma. Mwaka 1650, akiwa Roma, Mhispania Diego Velázquez alimchora Papa Innocent X. Mwaka huohuo alimchora pia Juan de Pareja, msaidizi wake, ambaye kwa sheria alikuwa mtumwa wake. Pareja amevaa kola nyeupe, mkono ameupitisha mbele ya mwili, anakutazama moja kwa moja kama mtu mwenye mawazo yake na asiyeomba ruhusa ya kuwa nayo. Sheria ilimhesabu kuwa mali. Picha haikumhesabu hivyo. Kabla ya mwaka kwisha Velázquez alitia saini hati ya kumwacha huru, japo kwa sharti la kutumikia miaka minne zaidi, na baadaye Pareja akawa mchoraji kwa jina lake. Leo picha hiyo iko Metropolitan Museum, New York.

Sisi tuna Mkunazini, mtaa wa hapa Mji Mkongwe, ambako soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873. Waliouzwa pale wametufikia zaidi katika michoro ya wageni, wengi wao wakiwa misururu yenye minyororo. Mchoro wa namna hiyo unaeleza walichotendewa. Hauelezi walikuwa nani, kwa sababu aliyeuchora hakuketi mbele ya mmoja wao akamtazama kama Pareja alivyotazamwa.