Akikamata mwizi ni wako, akiuma mtoto ni wa nani?

Malalamiko yanayoletwa kwenye ofisi yetu ya mifugo hapa Mtwara yana mwendo mmoja. Analetwa mtoto mwenye alama za meno pajani, au kijana wa bodaboda aliyechubuka magoti baada ya kukimbizwa na mbwa watatu njia ya Chuno. Tunaandika jina, mtaa, saa. Kisha tunauliza: mbwa ni wa nani? Hapo kimya. Mwenyekiti wa mtaa hamjui, majirani hawamjui, na nyumba ambayo mbwa hulala barazani kwake kila usiku nayo haimjui. Lakini mbwa huyo huyo akimbana mwizi wa magunia ya korosho, mwenyewe hupatikana usiku ule ule, tena kifua mbele.

Tunapoelekea Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, nimetakiwa niandike kuwahimiza wananchi walete mbwa wao kwenye chanjo. Nawahimiza, na nitarudi huko. Ila nimeona nianze na mambo yanayotokea mbwa akishatoka getini, maana ndiko malalamiko yanakozaliwa. Naamini wafugaji wetu wengi ni watu wazuri, na wengi wanampenda mbwa wao. Kinachokosekana ni kuelewa kwamba mbwa akiwa barabarani, wewe mwenyewe ndiye uliye barabarani.

Nianze na kibao. Kibao cha "Mbwa Mkali" kinamwonya anayeingia kwako. Hakimhusu anayepita njia. Nalazimika kuliandika hili kwa sababu watu wazima, wenye akili zao, wananiambia ofisini: "Daktari, kibao si kipo?" Kipo. Geti ndilo lililokuwa wazi. Na mbele ya sheria kibao hicho kinaweza kukugeuka, kwa kuwa kinaonyesha ulijua fika mnyama wako ni hatari na bado ukamwachia.

Sheria zenyewe ni hizi. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamgusa mtu ambaye kwa uzembe anaacha kuchukua tahadhari dhidi ya hatari inayoweza kuletwa na mnyama aliye mikononi mwake. Hiyo ni jinai. Inakwenda polisi na mahakamani, si kwangu. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama Na. 17 ya 2003 ndiyo inayotuongoza sisi wa mifugo katika kuzuia na kudhibiti maradhi, kichaa cha mbwa kikiwamo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya 2008 inamlinda mbwa mwenyewe, kwa hiyo kumfunga mnyororo mfupi juani kutwa nzima bila maji nako ni kosa, na kutega nyama yenye sumu njiani kwa sababu umechoka na mbwa wa jirani ni kosa pia. Juu ya hizo kuna sheria ndogo za halmashauri, na viwango vya faini zake utasomewa ofisini ukiwa na kesi, si gazetini. Pamoja na hayo yote, aliyeumwa ana haki ya kukudai fidia: gharama za sindano, nauli, siku za kazi zilizopotea. Moja halifuti jingine. Wapo wanaolipa faini, wakachukua risiti, wakaja kutuonyesha kwamba "tumeshamalizana". Mmemalizana na nani? Aliyeumwa bado yuko kwenye foleni ya sindano.

Sasa kumtembeza mbwa. Miaka ya nyuma jambo hili lilionekana la wageni tu, watu wa miradi ya gesi wakipita Shangani asubuhi na mbwa wao wakubwa. Leo vijana wetu wanafuga, na ufukwe wa Shangani jioni una mbwa wa kila namna. Ni jambo zuri. Mbwa anayetembezwa hutulia. Anayefungiwa siku sita na kuachiwa ya saba hutoka kama jambazi aliyevunja gereza.

Mtembeze kwa mkanda mfupi, uwe mkononi mwako, si shingoni mwake ukiburuzika nyuma. Mbwa mkubwa hatembezwi na mtoto wa miaka minane hata kama "wamezoeana". Siku mbwa akiona paka, mtoto ataachia mkanda au atavutwa naye hadi katikati ya barabara. Ukiona mtu anakuja mbele yako, wewe ndiye unayepisha. Simama pembeni, fupisha mkanda, mweke mbwa upande wa pili wa mwili wako, mwache mwenzako apite. Usipige kelele "haumi huyo!" Sentensi hiyo naichukia kuliko zote katika kazi yangu. Anayeogopa hajakuuliza historia ya mbwa wako. Na karibu kila mbwa aliyeuma, nikimhoji mwenyewe, hajawahi kuuma kabla ya siku hiyo.

Hapa kwetu kuna la ziada ambalo vitabu vya ufugaji wa mbwa vya nje havina. Sisi ni watu wa Pwani. Waislamu wengi wa mwambao huu wanafuata madhehebu ya Shafii, na kwao mate ya mbwa ni najisi nzito: kilichoguswa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mimi si shehe, na sitaki kuingia kwenye fikhi. Nasema kama mtu anayepokea malalamiko. Mzee aliyekwishatawadha, kanzu nyeupe, anaelekea msikitini Mikindani, mbwa wako anamrukia kwa furaha na kumpaka mate. Kwako ni mchezo. Kwake ni kurudi nyumbani, kubadili nguo, na swala ya jamaa imempita. Halafu unamcheka kwamba anaogopa mbwa! Panga saa zako. Usipite na mbwa karibu na misikiti nyakati za swala, na Ijumaa mchana mwache nyumbani kabisa. Halikugharimu chochote.

Kwenye kivuko cha Msangamkuu, kama ni lazima uvuke naye, subiri watu waingie kwanza, ukae pembeni, umfunge mdomo. Sokoni na kwenye mialo ya samaki usimpeleke. Nyakati za wanafunzi kwenda na kutoka shule usimwachie nje. Ndiyo, hata kama ni saa kumi na mbili kasoro asubuhi. Hizo ndizo saa ambazo wengi mnafungua geti "ajisaidie kidogo", na ndizo saa ambazo watoto wa shule wako njiani peke yao.

Kujisaidia nako kuna neno lake. Kinyesi cha mbwa kwenye mchanga wa ufukweni si uchafu wa macho tu. Mbwa asiyepewa dawa hubeba minyoo ya safura ya mbwa, na mayai yakishaanguliwa kwenye mchanga wenye unyevu, viluwiluwi vyake hupenya ngozi ya mtu aliyekanyaga pekupeku na kutembea chini ya ngozi, vikiacha mchirizi mwekundu uliopindapinda unaowasha usiku kucha. Wanaocheza mpira pekupeku Shangani ni watoto wetu. Kwa hiyo kizoe. Nimeshajibiwa kwamba Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Juni 1, 2019, sasa tuzolee nini? Gazeti lipo. Mfuko mtupu wa sembe wa karatasi upo. Koleo dogo lipo, na shimo la taka nyumbani kwako lipo. Kinyesi hakizolewi kwa mfuko wa rambo peke yake.

Nirudi kwenye chanjo. Kichaa cha mbwa kinaua watu wanaokadiriwa kufikia 59,000 duniani kila mwaka, na karibu wote wamekipata kwa mbwa. Dalili zikishaanza kwa binadamu, hospitali inabaki na kazi ya kumpunguzia maumivu. Mikoa yetu ina historia na jambo hili: Lindi na Mtwara zilikuwa ndani ya mradi wa kutokomeza kichaa cha mbwa kusini mashariki mwa Tanzania ulioanza mwaka 2010, pamoja na Pwani, Morogoro, Dar es Salaam na Pemba. Wenye umri wangu wanakumbuka foleni za mbwa waliofungwa kamba za katani chini ya miembe. Hesabu ni ile ile ya wakati ule: wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa unakosa pa kupita. Ila mbwa huzaa na kufa haraka, kwa hiyo chanjo ya mwaka juzi haiwahesabu waliozaliwa mwaka jana. Msimu wa korosho unatuongezea kazi, maana familia zinahamia mashambani na mbwa mmoja, zinarudi mjini na watano, au zinarudi bila yeyote na kuwaacha huko wakijitafutia.

Mlete mbwa akiwa na umri wa miezi mitatu na kuendelea, kila mwaka, aje na mtu mzima anayemmudu, akiwa amefungwa. Ukipewa kadi, itunze kama unavyotunza kadi ya kliniki ya mtoto. Siku mbwa wako akiuma, kitu cha kwanza nitakachokuomba ni hiyo kadi. Usiniambie imeliwa na panya. Na chanjo haimfanyi mbwa awe mpole wala mvivu wa kulinda. Sijui nani alilianzisha hilo. Bangi na nyigu mnazomlisha nazo hazimfanyi awe hodari. Zinamtesa tu.

Ukiumwa, fuata utaratibu huu kama ulivyo. Osha kidonda papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Dakika 15 ni ndefu, tazama saa. Usipake pilipili, mafuta ya taa wala jiwe la nyoka. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kwa mjini kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula, na ndugu zetu wa Lindi wana Sokoine. Mwambie mhudumu wazi kwamba umeumwa na mbwa. Utapangiwa sindano kwa tarehe, nawe uzimalize zote hata kidonda kikipona, kwa sababu virusi hukaa kimya miezi miwili au mitatu, na pengine zaidi ya mwaka. Tiba kwanza, fomu baadaye. Ukitaka kufungua shauri, PF3, fomu ya matibabu ya aliyeumizwa, inapatikana polisi. Kisha mtaarifu mtendaji wa mtaa au wa kijiji, naye atatuita.

Sisi tukifika tunamtafuta mbwa akiwa hai. Nasisitiza, akiwa hai. Tunamweka chini ya uangalizi kwa siku 10, akiwa amefungwa, akipewa chakula na maji, akitazamwa kila siku. Mbwa ambaye mate yake tayari yana virusi siku aliyouma ataugua na kufa ndani ya muda huo. Akifika siku ya kumi na moja akiwa mzima, hakuambukiza. Aliyeumwa aendelee na sindano zake wakati huo wote, mpaka daktari aseme vinginevyo. Mkimuua kwa marungu siku ya kwanza mmeturudisha gizani, hasa mkimponda kichwa, kwa kuwa ubongo ndio unaopimwa. Mbwa akifa mwenyewe, msimzike na msimguse kwa mikono mitupu. Tuiteni, tutachukua sampuli na kuipeleka maabara ya TVLA, Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania, ambayo iko hapa hapa Mtwara.

Kuna bibi mmoja aliyemleta mjukuu wake ofisini, mkono umefungwa khanga. Nikamwamkia, nikamuuliza mbwa ni wa nani. Akaniambia, "Mwanangu, mwenye mbwa ni jirani yangu, tunaazimana chumvi. Lakini leo kasema hamjui." Tulikwenda. Jirani alirudia mbele ya mtendaji kwamba mbwa ni koko, hujipitia tu. Tukaandika hivyo, tukamchukua mbwa, tukamweka bandani. Siku tisa hakuna aliyekuja hata kumchungulia. Siku ya kumi na moja asubuhi, tayari habari imezunguka mtaani kwamba mbwa ni mzima, jirani yule alikuwa wa kwanza mlangoni kwetu, mnyororo mkononi, akimwita mbwa kwa jina. Mbwa akatikisa mkia. Nikamvutia kiti mwenye mbwa, nikatoa fomu, nikamwomba aandike jina lake kwenye mstari wa mmiliki, kisha jumla ya gharama za sindano za mtoto wa jirani yake.