Prosesa inakubali, mazabodi inakataa

Juzi nimerudi home jioni nakuta seva yangu imezima. Umeme ulikatika mchana ukarudi, sawa, hilo tumezoea, lakini hii mashine nilishaiseti zamani iwake yenyewe umeme ukirudi, kwa hiyo kuikuta kimya ilinishtua kidogo. Nikabonyeza pawa ikawaka, nikaingia Proxmox (mfumo wa Linux wa kuendesha kompyuta kadhaa ndani ya mashine moja) kwa simu, kontena zote, yaani programu zilizotengwa ndani ya Linux ile ile, zinapiga kazi kama kawaida ila mashine pepe, zile kompyuta kamili ndani ya kompyuta, hata moja haijainuka, na nikijaribu kuiwasha kwa mkono inanitemea ujumbe huu: "KVM virtualisation configured, but not available".

Sasa huo ujumbe ndo watu wananitumiaga kila mara, skrinshoti afu chini yake "fundi, prosesa yangu ni i5, nimesoma inasapoti mashine pepe kabisa, mbona inagoma?" Na mimi najibu kitu kile kile: prosesa kuweza ni jambo moja, mazabodi kuruhusu ni jambo lingine, na kwenye hii nyumba mwenye sauti ya mwisho ni mazabodi.

Ngoja nieleze kinachotokea maana wengi wanadhani ni swichi tu. Intel walianza kuweka VT-x, uwezo wa prosesa wa kuendesha mashine pepe, kwenye Pentium 4 mbili, 662 na 672, mwishoni mwa 2005, AMD wakafuata 2006 na ya kwao ambayo kwenye BIOS (programu ya mazabodi inayoamka kabla ya kitu kingine chochote) inaitwa SVM. Ndani ya prosesa ya Intel kuna rejista, kisanduku kidogo cha kuhifadhi seting, inaitwa IA32_FEATURE_CONTROL, namba yake 0x3A. Mashine ikiwaka, kabla hata Linux haijajua kama imezaliwa, BIOS inaenda pale inaandika vitu viwili: VT-x iruhusiwe au isiruhusiwe, na baada ya hapo inapiga kufuli. Kufuli likishapigwa hakuna wa kulifungua, uwe root, uwe nani, kerneli (kiini cha Linux) ikijaribu kuandika pale prosesa inaikatalia hapo hapo. Mpaka uwashe upya. Na kuna mashine kuwasha upya tu haitoshi, inabidi uzime kabisa, uchomoe waya ukutani, usubiri kidogo ndo urudishe. Nimeona mtu kabadilisha seting mara tatu na kila mara anafanya ristati tu, anaishia kusema mazabodi mbovu.

Kwa hiyo ukipata huo ujumbe, kwanza piga dmesg, amri inayoonyesha ujumbe wa kerneli. Kama kuna mstari unaosema "disabled by BIOS" basi umeshapata jibu, prosesa haina kosa. Usitegemee sana ile grep ya kutafuta vmx (jina la VT-x ndani ya Linux) kwenye /proc/cpuinfo, kerneli za zamani zilikua zinaionyesha vmx hata kama BIOS imeifungia, unajiona uko salama kumbe wapi.

Turudi kwangu. Hiyo VT-x niliiwasha mwenyewe siku ya kwanza na hakuna mtu mwingine anagusa hiyo mashine, watoto wanaiogopa kwa ile feni. Nikapandisha dmesg juu kidogo nikaona mstari wa rtc_cmos, dereva ya saa, unasema saa ya mashine imeanza 2012. Hapo nikacheka mwenyewe. Betri! Ile bapa kama sarafu, CR2032, inayoshikilia kumbukumbu za BIOS umeme ukiwa haupo. Mashine yenyewe mtumba, betri imekuja nayo kutoka ilikotoka, imekufa bila kuaga. Umeme ulivyokatika na UPS ikaisha chaji, BIOS ikasahau kila kitu: saa imerudi nyuma, ile ya kuwaka yenyewe imepotea, na VT imerudi kwenye hali ya kiwandani ambayo kwa hii mazabodi ni kuzimwa. Kontena hazikujali kwa sababu zinatumia kerneli ile ile ya mwenyeji, yaani Proxmox yenyewe, hazihitaji VT hata kidogo (na kwa kweli nusu ya vitu watu wanavyoweka kwenye mashine pepe vingetosha kwenye kontena, ila hiyo tuiache). Betri mpya haifiki hata bei ya chipsi kavu.

Seting zenyewe zinafichwa kila mtu kwa staili yake. Dell unaingia F2, kuna sehemu yake kabisa "Virtualization Support". HP ni F10 na ipo kwenye Security, nani angeenda kutafuta huko sijui. Mazabodi nyingi za AMD ndo balaa, unatafuta neno "virtualization" hadi macho yanauma, kumbe imeandikwa "SVM Mode" na imewekwa kwenye kurasa za kuovakloki, kuikimbiza prosesa kupita kasi yake.

Hiyo ni VT-x. Kuna ya pili, VT-d, na hapa ndo hela za watu zinapotea. VT-x inakupa mashine pepe. VT-d inakuwezesha kuchukua kifaa halisi, mfano kadi ya mtandao, ukamkabidhi mashine pepe moja aitumie peke yake, labda unataka OPNsense iwe ruta ya nyumba nzima. Shida ni kwamba kadi ya PCIe inaandika kwenye RAM moja kwa moja bila kupitia prosesa, ukiiacha hivi hivi itaandika popote hata kwenye kumbukumbu ya jirani, kwa hiyo inatakiwa mlinzi getini anayejua kadi ipi inaingia wapi. Mlinzi huyo ndo IOMMU. Na ili kerneli imjue, BIOS lazima itoe jedwali linaitwa DMAR. Mazabodi isipotoa hilo jedwali, hata prosesa iwe na VT-d ya dhahabu, haina kazi, ni kama una kiwanja hakina hati.

Afu kuna makundi ya IOMMU. Wale tuliokaa nyumba za kupanga tunajua habari ya vyumba vitatu kushea LUKU moja, huwezi kumkatia mmoja ukamwachia mwingine. Ndo hivyo hivyo. Vifaa vikiwa kundi moja, unatoa vyote au hutoi. Mi niliwahi kuchomeka kadi ya mtandao kwenye sloti ya chini, nikaikabidhi kwa mashine pepe bila kuangalia, kumbe iko kundi moja na kidhibiti cha SATA ambacho ndo kina diski ya Proxmox yenyewe. Nilivyobonyeza start seva nzima ikaganda, maana nimemnyang'anya mwenyeji diski aliyokalia. Nikaihamishia sloti ya juu, ile ndefu inayoenda kwenye prosesa moja kwa moja, ikawa kundi lake. Makundi yanapangwa na mazabodi na chipseti (chipu ya mazabodi inayounganisha vifaa), angalia kwenye /sys/kernel/iommu_groups kabla hujakabidhi kitu. Ipo njia ya kulazimisha makundi yatengane kwa seting ya kerneli inaitwa pcie_acs_override, inafanya kazi, ila ujue unaiambia kerneli ujifanye huoni, ukuta wenyewe haujajengwa.

Kwenye kununua sasa. Kwa mashine za mtumba za kizazi cha tatu cha Intel, OptiPlex 7010 na 3010 kwa nje ni kama mapacha na muuzaji atakwambia ni kitu kimoja. Sio. 7010 ina chipseti ya Q77 ambayo VT-d ipo, 3010 ni H61 na Intel kwenye H61 hawajaiorodhesha. Na ukishapata mazabodi sahihi usije ukaiharibu kwa prosesa: i3-3220 haina VT-d, i5-3470 inayo. Cha kushangaza zaidi kizazi cha pili, i5-2500 inayo lakini 2500K, ile ghali ya kuovakloki, Intel waliinyima. Watu wanalipa zaidi wanapata pungufu.

Mi nikienda dukani nabeba flashi yenye Linux ya kuwashia. Naomba waniwashie mashine, naingia BIOS nawasha zote mbili, nazima kabisa, nachomoa waya, nawasha na flashi, napiga dmesg nikitafuta DMAR na "disabled". Dakika tano. Muuzaji akisema hiyo haiwezekani mpaka ulipe kwanza, nahamia duka linalofuata.