Je, wajua kwa nini besi ya kidumbak ni sanduku?

Nenda harusi ya Ng'ambo, mtaa wa mjini Unguja, usiku kukiwa na kidumbak, muziki wa kucheza wa Zanzibar ulio jirani ya taarab. Kabla hujawaona wapigaji, kifua kitakutetemeka kwa mdundo mzito: dum, dudum. Sogea karibu uone kinachotoa sauti ile. Boksi la mbao lililopinduliwa, fimbo na uzi mmoja. Basi! Chenyewe huitwa sanduku.

Asili yake ni makasha yaliyokuwa yakiletewa majani ya chai. Mbao zake ni nyembamba, kwa hiyo uzi ukidonolewa, uso wa kasha hutikisika na hewa iliyomo ndani hunguruma. Mpigaji hukanyaga boksi lisiruke, mkono mmoja fimboni, mwingine uzini. Akiivuta fimbo nyuma uzi hukaza na sauti hupanda, akiilegeza, hushuka. Hakuna alama ya kumwonyesha noti iko wapi. Ni sikio tu, na mimi huwaonea huruma wanaodhani ni kazi rahisi.

Lakini kwa nini sanduku? Kwanza, fedha. Kundi kubwa la taarab kama Nadi Ikhwan Safaa, lililoanzishwa 1905, hupanda jukwaani na udi, ganuni, akodiani na fidla kadhaa. Vyombo hivyo havinunuliwi kwa pesa ya samaki wa siku moja. Kidumbak hutosheka na fidla moja, sanduku, vidumbak viwili (ngoma ndogo), cherewa (manyanga) na mkwasa (vijiti vya kugonganisha). Zamani wengine walikiita kitaarab, yaani taarab ndogo, na nadhani kijembe kilikuwamo humo.

Hata hivyo, umaskini peke yake hautoshi kueleza, maana wapo wapigaji wa taarab kubwa ambao usiku mwingine utawakuta kwenye kidumbak. Taarab husikilizwa kwa kukaa, mtu akainuka kwenda kutunza na kurudi kitini. Kidumbak ni cha kucheza. Nyimbo huunganishwa moja baada ya nyingine bila kupumzika, nyingine zikiwa ni za taarab zinazovuma wakati huo, na mwendo huzidi kupanda kadiri viuno vinavyokolea. Hapo sanduku liko kwao: mdundo wake ni mfupi, mzito, na noti huteleza kutoka moja hadi nyingine kama mtu anayeguna.

Mwimbaji akirukia wimbo mwingine ghafla, mtazame mpiga sanduku. Hatafuti noti kwa macho. Huvuta fimbo kidogo, akainamisha kichwa, na wanawake waliokuwa wameanza kukaa huinuka tena.