Swali la kuchagua jibu halipimi kukariri tu

Kwenye shule za Arusha na Moshi utasikia kwamba maswali ya kuchagua hupima kukariri tu. Si kweli, kasoro huwa kwenye majibu ya uongo. Uliza: mahakama ipi iliyokuwa Arusha iliundwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa mwaka 1994? Ukiweka “Bunge la Kenya” kama chaguo, hata mtoro atalikwepa. Weka Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ile ya Haki ya Afrika Mashariki, na ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, ambayo ndiyo jibu sahihi. Anayechagua ya kwanza anachanganya Umoja wa Afrika na Umoja wa Mataifa; hapo unajua cha kurudia. Urefu wa majibu nao ulingane. Jibu sahihi likirefuka (na hurefuka, mwalimu akiogopa kukosolewa), wajanja hulichagua bila kusoma swali.